UZI: COX-2 ya binadamu na rangi ya TMPD – mbona kila jani "linazuia uvimbe"?

Mzizi_na_Majani (Mbarara)

Wakuu, naomba jicho lenu. Kuna ekstrakti 11 za methanoli, mululuza, mwarobaini na magome ya abasi zikiwemo, zinapimwa dhidi ya COX-2 rekombinanti ya binadamu (kimeng'enya cha uvimbe, kilichotengenezwa maabara) kwa rangi ya TMPD, kemikali inayogeuka bluu kimeng'enya kikifanya kazi, inayosomwa kwa mwanga wa nm 590. Mkolezo ni mikrogramu 100 kwa mililita. Zote 11 zinaua rangi karibu kabisa. Selekoksibu ya mikromola 1, dawa inayojulikana kuzuia COX-2 na ambayo ndiyo kontroli, inapunguza kidogo tu.

Utaratibu: bafa, hematini (aina ya hemu, kiungo chenye chuma ambacho kimeng'enya hukihitaji), kimeng'enya, ekstrakti, halafu TMPD na asidi arakidoni (sabstreti, yaani chakula cha kimeng'enya) papo hapo. Inasubiriwa dakika 10, inasomwa mara moja. Je, hapo kuna makala ya kuandika au bado?

PipetiBaridi (Kampala)

Bado, ssebo. Mimea 11 ya koo tofauti ikimshinda selekoksibu kwa siku moja, mtuhumiwa wa kwanza ni kipimo.

COX-2 ina kazi mbili ndani ya molekuli moja. Sehemu ya kwanza inachukua asidi arakidoni na kuibandika molekuli 2 za oksijeni, inatoka PGG2. Sehemu ya pili, yenye hemu, inageuza PGG2 kuwa PGH2, na hapo inahitaji elektroni 2 kutoka nje. TMPD ndiyo inayozitoa, elektroni moja kwa kila molekuli, na ikishatoa inakuwa bluu. Kwa hiyo rangi mnayoisoma inatoka mlango wa pili, wakati selekoksibu, ibuprofeni na wenzao wanaziba mlango wa kwanza.

Sasa mimina ekstrakti iliyojaa polifenoli. Zenyewe zina elektroni za kugawa. Zinaweza kuilisha hemu badala ya TMPD, au zikairudishia bluu elektroni yake ikapauka. Kimeng'enya kinaendelea kuchapa kazi, PGH2 inatoka kama kawaida, rangi haionekani, mashine inaandika "imezuiwa asilimia 95".

Na dakika 10 ni nyingi mno. COX hujiua ikiwa kazini: radikali inazozizalisha zinaiharibu yenyewe, na ndani ya dakika moja au mbili mstari umeshalala. Ukisoma dakika ya 10 unasoma jumla ya rangi, pamoja na TMPD iliyojioksidisha yenyewe hewani. Mwendo wa kimeng'enya ulishapita zamani.

Mzizi_na_Majani

Na selekoksibu? Poda ni mpya.

PipetiBaridi

Poda haina kosa. Selekoksibu hushika COX-2 polepole, halafu ikishashika haiachii upesi. Mkiiweka na kumimina sabstreti papo hapo, haijapata nafasi ya kuingia. Iache na kimeng'enya dakika 15 kwa nyuzi 25 kabla ya asidi arakidoni, muone IC50 (mkolezo unaozuia nusu ya kazi) itakavyoshuka. Indometasini ni vivyo hivyo. Ibuprofeni ndiyo inayoshika na kuachia haraka, inagombania nafasi na sabstreti, kwa hiyo kwenye mikromola 100 za asidi arakidoni itaonekana dhaifu kuliko ilivyo.

Friza80 (Entebbe)

Kabla ya kufika kwenye mapishi, ulizeni kimeng'enya chenyewe kimelalaje. Nusu ya matatizo ya COX-2 yanaanzia kwenye boksi.

Hii si protini ya kutengeneza ndani ya E. coli ukapumzika. Inataka kubandikwa sukari kwenye asparajini ili ikunjike sawasawa, na bakteria wa kawaida hawafanyi hivyo. Kwa hiyo jeni ya binadamu, PTGS2, inapachikwa kwenye bakulovirusi (virusi vya wadudu), na virusi wanaambukiza seli za Sf9 au Sf21. Wakulima watacheka wakijua seli hizo zilitoka wapi: ni za *Spodoptera frugiperda*, yule yule kiwavijeshi vamizi anayemaliza mahindi yetu. Shambani mnampulizia dawa, maabara mnalipa dola kwa seli za ovari yake.

Protini inayotoka ina asidi amino 604 kabla ya kukatwa kipande cha mwanzo, inakimbia kwenye jeli karibu na kilodalton 72, na inafanya kazi ikiwa pacha. Imejishikiza kwenye utando upande mmoja, kwa hiyo wanaitoa kwa sabuni isiyo na chaji, na sabuni hiyo lazima iendelee kuwemo. Ukiizimua kwa bafa tupu itashikana yenyewe kwa yenyewe na kuganda kwenye plastiki.

Ikifika: angalia barafu kavu kabla ya kusaini. Boksi la stairofomu hupoteza kilo 2 hadi 4 za barafu kavu kwa siku, kwa hiyo mzigo wa kilo 5 ulioshinda uwanjani wikendi nzima umefika ukiwa na hewa. Agiza kilo 10 au zaidi, na omba usafirishwe Jumatatu. Kama barafu imekwisha, piga picha siku hiyo hiyo, pima kazi ya kimeng'enya siku hiyo hiyo. Usikitupe friza ukasema utaona mwezi ujao.

Kuyeyusha ni juu ya barafu, kamwe si mkononi. Gawa mikrolita 10 hadi 20 kwa kila kichupa, gandisha kwa naitrojeni ya maji au kwenye ethanoli yenye barafu kavu, rudisha nyuzi -80. Kichupa kikishayeyushwa hakirudi friza. Na usikitikise kwenye voteksi, povu linaivua protini nguo. Geuza geuza taratibu, basi.

dawa_asili_Gulu

Umeme ukikatika je? Huku unaweza kuondoka saa sita.

Friza80

Usifungue mlango, nyabo. Friza ya -80 iliyojaa na kufungwa inastahimili saa kadhaa. Iliyo nusu tupu inapanda haraka. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, yagande, yawe ndiyo betri yako. Vichupa vya COX-2 viwe chini na nyuma, mbali na mlango. Na stabilaiza ni ya friza, si ya kompresa peke yake: umeme unaporudi kwa nguvu ndipo zinapoungua.

Kisima_A1 (Kampala)

Haya mapishi, kisima kimoja cha mikrolita 200:

Bafa Tris-HCl milimola 100, pH 8.0, mikrolita 150. Hematini ya mikromola 20 iliyozimuliwa ndani ya bafa hiyo, mikrolita 10. Kimeng'enya, mikrolita 10. Sampuli au kiyeyusho chake, mikrolita 10. Acha dakika 15 kwa nyuzi 25. Kisha TMPD ya milimola 2, mikrolita 10, na mwisho asidi arakidoni ya milimola 2, mikrolita 10. Soma kila sekunde 10 kwa dakika 2, uchukue mteremko wa sekunde 30 hadi 60 za mwanzo.

Sasa mitego, maana mapishi yenyewe kila mtu anayo.

pH ya Tris hushuka takriban 0.028 kwa kila nyuzi joto moja inayopanda. Bafa iliyorekebishwa 8.0 ikiwa imetoka jokofu la nyuzi 4 itakuwa kama 7.4 mezani. Rekebisha kwa joto utakalofanyia kazi.

Hematini: kimeng'enya cha seli za wadudu mara nyingi hufika hemu ikiwa haijatimia, ndiyo maana tunaongeza. Yeyusha kwenye kiyeyusho cha DMSO, milimola 1, miligramu 0.63 kwa mililita, halafu zimua. Mwisho kisimani ni mikromola 1. Usidhani ukiweka 10 utapata zaidi: hemu iliyo huru inaoksidisha TMPD yenyewe bila kimeng'enya, na kisima chako cha kulinganishia kitageuka bluu.

TMPD: fuwele ziwe nyeupe au za kijivu hafifu. Zikiwa zimeshaanza ubuluu, tupa. Tengeneza ya leo tu, ifunike kwa karatasi ya alumini.

Asidi arakidoni ndiyo inayowashinda wengi. Ina bondi mbili nne, hewa inaila. Akiba iwe milimola 50 ndani ya ethanoli, miligramu 15.2 kwa mililita, ipulizie naitrojeni au argoni kabla ya kufunga. Siku ya kazi chukua mikrolita 20, ongeza KOH ya mola 0.1 mikrolita 20, tikisa, kisha maji mikrolita 460. Unapata milimola 2 iliyo wazi kama maji. Ikiwa na ukungu, bado haijawa chumvi, ni matone ya mafuta, na matone hayo yatakupa mistari inayorukaruka. Itumie ndani ya nusu saa.

Kimeng'enya kizimue kwa bafa yenye sabuni ya Tween 20 asilimia 0.1, kwenye vichupa visivyoshika protini. Anza na mikrogramu 0.5 kwa kisima, halafu panda na kushuka hadi upate mteremko wa 0.1 hadi 0.2 kwa dakika ambao ukikata kimeng'enya nusu nao unakatika nusu. Kama haukatiki nusu, kuna kitu kingine kinachotoa rangi.

DMSO isizidi asilimia 1 kisimani, na iwe sawa katika visima vyote, kontroli zikiwemo.

hesabu_tu

Kwa wanaotaka namba badala ya asilimia: somea nm 611 kama mashine inaruhusu, ndiko kilele kilipo, na kigawo cha kugeuza rangi kuwa mkolezo ni 12,000 kwa mola kwa sentimita. Mikrolita 200 kwenye sahani ya kawaida ya visima 96 zina kina cha kama sentimita 0.57, si 1. Pima kina cha sahani yenu.

Mfano: mteremko 0.15 kwa dakika. Gawa kwa 12,000 mara 0.57, unapata mikromola 22 za TMPD kwa dakika. TMPD mbili kwa kila PGG2, kwa hiyo ni mikromola 11 za asidi arakidoni kwa dakika, yaani nanomoli 2.2 ndani ya kisima. Toa kwanza mteremko wa kisima kisicho na kimeng'enya.

Na msilinganishe "yuniti" za muuzaji mmoja na mwingine bila kusoma karatasi. Mmoja anahesabu oksijeni inayoliwa kwa nyuzi 37, mwingine anahesabu TMPD kwa nyuzi 25. Oksijeni ni molekuli 2 kwa kila asidi arakidoni moja. Kimeng'enya kile kile kinabeba namba mbili tofauti.

Mzizi_na_Majani

Asanteni sana. Turudi kwenye ekstrakti. Nitajuaje kama inapausha rangi tu?

PipetiBaridi

Majaribio mawili ya dakika chache, kabla ya kuongeza hata shilingi.

La kwanza: endesha kisima kizima bila ekstrakti, acha kiwe bluu, subiri dakika 3 hadi kisimame. Ndipo uongeze ekstrakti mikrolita 10, na kwenye kisima jirani uongeze kiyeyusho peke yake. Kimeng'enya kimeshakufa, hakuna tena cha kuzuiwa. Bluu ikishuka, ekstrakti yako ni mpaushaji. Ukiona imeanguka ndani ya sekunde 20, jibu la ekstrakti hiyo umeshalipata.

La pili: ekstrakti kwenye bafa bila kimeng'enya wala TMPD, usome mawimbi yote kutoka 400 hadi 700. Klorofili ina mabega karibu na 590 na 611. Ukiwa na ekstrakti ya kijani kibichi, msingi unaanza juu, na mashine za bei nafuu zinapoteza usahihi hapo.

Zikipita hizo mbili, bado tanini. Tanini hukamata protini yoyote, iwe COX-2, iwe albumini. Pitisha ekstrakti kwenye PVPP, ile poda isiyoyeyuka: weka kama miligramu 50 kwa mililita, tikisa dakika 10 kwenye barafu, zungusha kwenye sentrifuji, pima cha juu. Kama "kizuizi" kimebaki kwenye mashapo, kilikuwa tanini.

Phyto_Wandegeya

Naongeza moja inayosahaulika: mafuta ya majani. Ekstrakti za heksani na diklorometani zina asidi linoleiki na linoleniki, na hizo huingia kwenye mlango ule ule wa asidi arakidoni. Utapata kizuizi cha kweli kabisa, IC50 nzuri, mstari safi, halafu ukitenganisha kwa kolamu unakuta ni mafuta yaliyomo kwenye kila jani la nchi hii, sukuma wiki ikiwemo. Endesha TLC (kutenganisha kwenye bamba jembamba) dhidi ya asidi linoleniki kabla ya kuanza kusherehekea.

PipetiBaridi

Kweli kabisa. Na kama ekstrakti imepita yote, thibitisha kwa njia isiyotegemea rangi. Kuna mbili.

Moja ni kupima zao lenyewe. Reaksheni hiyo hiyo bila TMPD, ila weka fenoli ya milimola 0.5 ili sehemu ya pili isikose elektroni. Dakika 2 tu, simamisha kwa HCl ya mola 1. PGH2 haikai, kwa hiyo igeuze papo hapo kwa kloridi ya stanasi iwe PGF2α, halafu ipime kwa ELISA (kipimo cha kingamwili). Zimua sana, mara elfu kwa kawaida, la sivyo visima vyote vitajaa. Kumbuka kontroli ya dakika sifuri: HCl kwanza, kimeng'enya baadaye.

Ya pili ni elektrodi ya oksijeni ya Clark. Haijali rangi wala klorofili. Ila inakula kimeng'enya kingi, maana chemba ni mililita moja au zaidi, kwa hiyo ihifadhini kwa ekstrakti mbili tatu zilizobaki.

hesabu_tu

Mkifika kwenye Clark msinakili namba ya vitabu. Maji yaliyoshiba hewa pwani kwa nyuzi 25 yana mikromola kama 258 za oksijeni. Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya bahari, presha ni kama kilopaskali 88, kwa hiyo mnaanza na karibu 222. Mbarara iko juu zaidi, chini ya hapo. Ukiandika 258 kwenye programu, kila kasi utakayoripoti imezidi kwa asilimia kama 16.

dawa_asili_Gulu

Swali la mwanafunzi: deksamethasoni inaweza kuwa kontroli? Inapatikana famasi yoyote na inaondoa uvimbe vizuri.

Kisima_A1

Hapana, binti yangu. Deksamethasoni inazuia seli isitengeneze COX-2. Kimeng'enya kilichokwisha kutengenezwa, kiko kwenye kichupa, hakiguswi. Utapata sifuri, na sifuri hiyo ni sahihi.

Paracetamoli nayo itakuaibisha: kwenye mirija yenye peroksidi nyingi inazuia kidogo sana. Aspirini inafanya kazi ila inabandika asetili polepole kwenye serini 530, inataka muda mrefu na mkolezo mkubwa, na ni kali zaidi kwa COX-1, kimeng'enya ndugu wa COX-2. Tumieni selekoksibu kwa COX-2 na indometasini kwa zote mbili. Miligramu 3.8 za selekoksibu kwa mililita ya DMSO ni milimola 10.

Na nunueni poda safi. Kidonge kilichosagwa kina wanga, talki na stearati ya magnesi, na vumbi hilo linatawanya mwanga kwenye kisima.

Mzizi_na_Majani

COX-1 ni lazima? Bajeti imekaba.

Phyto_Wandegeya

Ukitaka kuandika neno "teule", yaani inazuia COX-2 kuliko COX-1, ni lazima. Tofauti kati ya hizo mbili mlangoni ni ndogo: pale COX-1 ilipo na asidi amino isolusini 523, COX-2 ina valini, na upungufu huo wa kaboni moja unafungua kijichumba pembeni ambamo selekoksibu inapenyeza mguu. Ukitaka kuandika "inazuia COX-2" basi, COX-2 peke yake inatosha. Wengi hutumia COX-1 ya kondoo kwa kuwa ni ya bei nafuu. Inakubalika, ila iandikwe wazi kwamba moja ni ya kondoo na nyingine ya binadamu.

Pesa okoeni kwenye mpangilio: ekstrakti zote zipite jaribio la kupausha kwanza. Halihitaji kimeng'enya cha kila kisima. Tengenezeni bluu moja ya mililita 5 na mgawe.

Mzizi_na_Majani

Tumefanya leo kwa bluu moja kama ulivyosema. Kati ya 11, tisa zimepausha, magome ya abasi ndani ya sekunde kumi. Zimebaki mbili. Selekoksibu baada ya dakika 15 imekuwa mtu mwingine kabisa.

PipetiBaridi

Hizo mbili, PVPP kesho. Na msome kila sekunde 10, tafadhali.

Phyto_Wandegeya

Kati ya mbili hizo, ipo iliyotoka kwenye mbegu?

Mzizi_na_Majani

Moja, ndiyo.

Phyto_Wandegeya

Mbegu hujaa mafuta. TLC, ssebo. Leo jioni.